Siku Farasi Mgeni Alipolala



Katika kanisa letu hapa Nanyuki yuko mzee mmoja ambaye ni saisi, yaani mtunza farasi. Tangu ujana wake amefanya kazi hiyo katika mashamba ya huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi ya asubuhi huuma na mbung'o hawasumbui kama kule nyanda za chini. Hata Jumapili, anapopitisha kikapu cha sadaka, mikono yake hunukia nyasi kavu na ngozi ya matandiko.

Jumamosi moja nilimfuata kazini tuzungumze habari za harusi ya mjukuu wake. Nikakuta lori limesimama langoni na farasi jike mwekundu anateremshwa. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, pua zimepanuka, macho yanahangaika huku na huko. Kwato ya mwisho ilipogusa ardhi, aliinua kichwa akalia kwa sauti ndefu. Upande wa pili wa shamba, farasi saba waliokuwa wakila wakanyanyua vichwa kwa pamoja, masikio mbele, wakatazama. Mmoja akajibu.

Nilifurahi. Nikasema moyoni, tazama, wanamkaribisha mwenzao. Nikangoja mzee afungue lango. Lakini yeye akamshika jike hatamu, akamwongoza taratibu hadi kwenye zizi dogo la pembeni, akamwekea maji na nyasi, akafunga komeo.

“Mzee, mbona unamtenga?” nikamuuliza. “Farasi hakuumbwa aishi peke yake.”

“Ni kweli, Pasta. Ndiyo sababu sitaki aanze kwa kuumizwa. Nikimfungulia leo, kesho asubuhi daktari wa mifugo atakuwa hapa anashona.”

Alinieleza kwamba jike yule angekaa pale wiki tatu. Kwanza, farasi anaweza kufika akiwa mzima machoni, kumbe amebeba ugonjwa wa koo au wa kifua utakaojitokeza baada ya siku kadhaa, na kundi zima likaambukizwa. Pili, safari humchosha mnyama huyu kuliko tunavyodhani. Anahitaji kuzoea ladha ya maji ya hapa, kumjua anayekuja alfajiri na ndoo, na kujua ni mbwa yupi hubweka bure. “Mwache moyo wake ufike,” mzee akasema. “Mwili umeshuka kwenye lori. Moyo bado uko njiani.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mpendwa, kuna upendo unaokimbia kasi kuliko miguu ya anayependwa. Mtu mpya anaanza kazi, nasi tunataka asubuhi ile ile acheke mizaha yetu. Bi harusi anaingia ukweni, na kabla hajajua chumvi inakaa wapi, makosa yake yameanza kuhesabiwa. Mtoto aliyefiwa na mama analetwa kwa shangazi, na wiki haijaisha tunaulizana mbona hachangamki. Hatuwachukii watu hawa. Tunawaharakisha tu, na anayeharakishwa huhisi kama anafukuzwa.

Je, yuko mtu karibu nawe ambaye mwili wake umefika lakini moyo bado uko njiani? Unaweza kumpa siku chache zaidi?

Wiki tatu zilipokwisha nilirudi shambani. Sasa jike alikuwa amehamishiwa padoki iliyopakana na ya wenzake. Kati yao palikuwa na uzio wa mbao, imara, usio na waya wa miba. Nilisimama pale karibu saa nzima. Farasi walikuja mmoja mmoja, wakanyoosha shingo juu ya ubao, pua kwa pua na mgeni, kila mmoja akivuta pumzi ya mwenzake. Ghafla mmoja hupiga ukelele mkali na kurusha mguu wa mbele, wote wakaruka nyuma. Dakika mbili baadaye wamerudi pale pale.

Mzee alinifundisha kutazama masikio. Yakielekea mbele, farasi anauliza. Yakilegea pembeni, ametulia. Yakilala nyuma kabisa, yakagusana na shingo, anaonya, na mwenye busara husogea. “Hawa husema mengi kabla ya kupiga teke,” alisema. “Teke ni neno la mwisho. Hulipata yule asiyesikia ya kwanza.”

Nikawakumbuka ndugu wawili waliokosana kwa ajili ya shamba la baba yao. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasukuma wakumbatiane. Kila mara niliwakalisha meza moja, na kila mara waliondoka na jeraha jipya. Pale uzioni niliona nilipokosea. Msamaha mtu anaweza kuutoa leo, mbele za Mungu, hata kabla kidonda hakijafunga. Kuaminiana ni kazi ya siku nyingi, na huweza kuanza kwa jambo dogo sana: kusalimiana njiani, kuulizana hali ya mama, kisha kila mtu akaenda zake bila neno baya.

Kama wewe na nduguyo mmefika hapo tu, usijihukumu kwamba hujasamehe. Uzio nao una kazi yake, mradi usiugeuze ukuta. Rudi hapo kesho. Nyoosha shingo tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Siku kadhaa baadaye mzee hakulifungulia kundi zima lango, kama nilivyotazamia. Alichagua farasi mmoja, maksai mzee wa kijivu, akamtoa kwa wenzake na kumwingiza peke yake kwa mgeni.

Nikamuuliza kwa nini yule. Maksai huyo si kiongozi wa kundi. Kwenye birika la maji wenzake wawili humtangulia. Wala si mnyonge. Hakuna anayemsukuma kwenye nyasi zake. “Huyu hana anachogombania,” mzee akajibu. “Anajua mahali pake. Na anayejua mahali pake hamwogopi mgeni.”

Siku mbili za kwanza walikula mbalimbali. Siku ya tatu wakala fungu moja. Siku ya nne nilikuwepo mwenyewe. Walisimama wakielekeana, kichwa cha kila mmoja kikiwa begani kwa mwenzake, wakikunana kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo. Mdomo wa juu wa jike ulirefuka na kutetemeka kwa raha. Vumbi na manyoya yaliyokatika yalidondoka kwenye nyasi. Watafiti waliowachunguza farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, walionyesha mwaka 1993 kwamba farasi akikunwa mahali pale hasa, mapigo ya moyo wake hupungua. Mzee alikuwa analijua hilo kwa vidole vyake. Alinishika mkono, akauweka begani mwa maksai, akaniambia nikune kwa kucha na nisiogope kutia nguvu. Mnyama yule mkubwa akashusha pumzi ndefu, na kichwa chake kikateremka polepole hadi usawa wa kiuno changu.

Hapo nikamkumbuka Barnaba.

Unajua habari za Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kukutana na Bwana kwenye njia ya Dameski. Alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wote wakamwogopa. Walikuwa na sababu. Huyu ndiye aliyewaburura wenzao gerezani. Yawezekana baadhi ya waliokuwa chumbani siku ile walikuwa na ndugu aliyefungwa kwa mkono wake. Usiwadharau. Hofu yao ilitokana na jeraha la kweli, wala haikuondoka kwa kuwa mtu amesimama mlangoni akasema nimebadilika.

Ndipo Barnaba, Mlawi wa Kipro, aliyeitwa Yusufu hadi mitume walipompa jina lenye maana ya faraja, akamchukua Sauli akampeleka kwa mitume. Akawasimulia yaliyompata njiani. Maandiko hayasemi kwamba Barnaba alihubiri siku hiyo, wala kwamba aliitisha mkutano juu ya kupokea wageni. Alisimama karibu naye akamsemea, basi. Walipowaona wawili hawa bega kwa bega, mlango ukafunguka. Miaka baadaye kazi ya Antiokia ilipokuwa kubwa, ni Barnaba tena aliyefunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli, akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima.

Mpendwa, hili ndilo ninalotamani ulibebe wiki hii. Kundi halina mikono ya kumpokea mtu. Mtu hupokelewa na mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye humwingiza kwa wengine.

Naandika haya kwa uchungu, kwa maana nililijua kwa kuchelewa. Miaka michache iliyopita familia moja ilianza kuabudu nasi: baba, mama na watoto watatu. Jumapili ya kwanza niliwaomba wageni wasimame wakati wa matangazo. Walisimama, tukawapigia makofi, kwaya ikawaimbia wimbo wa kuwakaribisha. Niliona tumefanya vema. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Hana pa kujificha. Sisi tulimsimamisha kuku mweupe katikati ya uwanja, tukampigia makofi, kisha kila mtu akarudi kwa wake. Baada ya miezi miwili hawakuonekana tena.

Nilipowatembelea, mama wa nyumba alinikaribisha chai, hakuwa na neno kali. Aliniambia tu kwamba katika Jumapili zile zote walisalimiwa na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyekaa nao. Ibada ikiisha walikuwa wakisimama chini ya mti wa mlangoni, watu wanawapita wakitabasamu, mpaka watoto wanaanza kuomba waende nyumbani. Nilimwomba msamaha kwa niaba ya wote, na kwa niaba yangu mwenyewe kwanza. Alinisamehe. Mtoto wake mdogo akanisindikiza hadi njiani, na nilishindwa kumwambia lolote.

Mia moja walipiga makofi. Mmoja angeketi nao, ingetosha.

Turudi shambani, maana kazi ya mzee ilikuwa haijaisha. Siku ya kumwingiza jike kwa kundi zima alinitumia ujumbe alfajiri nisikose. Nilikuta ameshatayarisha kila kitu. Wote walikuwa wamelishwa, maana mwenye njaa hugombana upesi. Viatu vya chuma vya miguu ya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, ili teke likija lisivunje mfupa. Alichagua padoki pana kuliko zote, na zile pembe ambamo mnyonge angeweza kubanwa amezikata kwa mbao zilizolazwa mshazari. Kisha akatandaza mafungu ya nyasi, yakiwa mbalimbali. Nikahesabu. Farasi walikuwa wanane; mafungu yalikuwa kumi.

“Mbona mawili yamezidi?” nikauliza.

“Akifukuzwa hapa, apate pa kwenda. Mambo mengi unayoona ni ugomvi, Pasta, si chuki. Ni chakula na njia.”

Nilifikiri juu ya makanisa yetu, na nyumba zetu, na ofisi tunamofanya kazi. Ni mara ngapi tumemwita mtu mgomvi, kumbe tumetandaza mafungu saba kwa watu wanane? Viongozi wa kwaya ni wale wale kwa miaka kumi. Msomaji wa neno ni yule yule. Jikoni wana mpangilio wao, na anayeshika mwiko mara ya kwanza hutazamwa kama mwizi. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Zamani nililisikia neno hilo kama onyo kwa mvivu. Leo nalisikia pia kama rehema. Ukimpa mtu jembe, unamwambia shamba hili ni lako nawe.

Lango likafunguliwa. Jike aliingia na maksai ubavuni, kundi likaja mbio, na kwa muda kukawa na vumbi, vilio na mikia iliyoinuliwa. Kiongozi wao, jike mkubwa wa kahawia, alimnusa, akamlazia masikio mara moja, mgeni akasogea, yakaisha. Aliyeniumiza moyo ni farasi mweusi kijana. Huyo alimfukuza mgeni fungu hadi fungu, akamng'ata kiunoni mara mbili, wala hakutaka kutulia.

“Huyu ana nini?” nikauliza.

Mzee alikaa kimya kidogo. “Huyu ndiye aliyekuja mwisho kabla yake. Mwaka jana alifukuzwa hivi hivi. Anaogopa kurudi kule chini alikotoka.”

Unakumbuka yaliyompata Marko? Kijana yule aliwaacha Paulo, ndiye yule Sauli, na Barnaba katikati ya safari akarudi nyumbani. Walipopanga safari nyingine, Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo akakataa. Paulo, ambaye miaka ya nyuma alisimama mlangoni Yerusalemu hana wa kumsemea! Wakashindana vikali hata wakaachana, Barnaba akamchukua Marko kwenda Kipro. Simsemi Paulo vibaya. Alikuwa mtumishi wa Mungu, na alikuwa na hoja zake. Lakini hata mtakatifu aliyepokelewa kwa neema anaweza kuisahau harufu ya lile zizi la pembeni.

Na neema haikumwacha Paulo hapo. Mwishoni mwa maisha yake, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Katika barua ile ya mzee aliyefungwa minyororo naona masikio yaliyokuwa yamelala nyuma yakirudi mbele. Hatujui kama Marko alifika, wala walizungumza nini. Tunajua aliitwa.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upole, mpendwa, nami najiuliza pamoja nawe: yuko mtu ambaye ninamfukuza kutoka fungu hadi fungu kwa sababu ya hofu yangu ya zamani? Kama lipo jibu moyoni mwako, usijichape. Mzee hakumpiga yule farasi mweusi kiboko. Alimletea nyasi kwenye fungu la mbali, akakaa naye mpaka akala. Bwana wetu naye anajua tuliumizwa wapi.

Nilidhani kazi imekwisha wiki ile. Baada ya siku tano kufukuzana kulikuwa kumepungua, na wote wanane walikula uwanja mmoja. Nikampongeza mzee. Akatikisa kichwa. “Bado hajalala.”

Farasi, alinieleza, anaweza kusinzia akiwa amesimama. Miguu yake imeumbwa ijifunge asianguke. Lakini usingizi mzito, ule unaolegeza mwili mzima, haupati mpaka alale chini. Na farasi aliyelala chini hawezi kukimbia upesi adui akija. Kwa hiyo halali mahali asipopaamini, na katika kundi mara nyingi utaona mwenzake amesimama karibu anakesha. Jike mwekundu alikuwa anakula, anakunwa, anatembea na wenzake. Watu wote wangesema amezoea. Lakini kila usiku alikuwa akisinzia kwa miguu.

Neno hilo lilinifuata hadi madhabahuni. Jumapili ile niliwatazama washirika wetu mstari kwa mstari. Wangapi wako nasi miaka mitatu, minne, wanaimba, wanatoa sadaka, wanatabasamu, na bado wanasinzia kwa miguu? Wangapi hawajawahi kusema mbele ya mtu mmoja, mimi nimechoka, ndoa yangu inauma, sina karo ya mtoto?

Siku ya kumi na tisa tangu jike aingie kundini, simu yangu ililia asubuhi na mapema. “Pasta, njoo pole pole, usifunge mlango wa gari kwa nguvu.” Nilimkuta mzee ameegemea uzio, kofia mkononi. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye nyasi na kilele cha mlima kilikuwa wazi. Katikati ya padoki, jike mwekundu alikuwa amelala ubavu kabisa, miguu imenyooshwa, shavu lake kwenye umande. Kwato moja ilikuwa ikitikisika, kama anayekimbia ndotoni. Maksai wa kijivu alisimama hatua mbili kutoka kwake, masikio pembeni, akikesha. Na upande wa pili, hatua chache zaidi, alisimama yule farasi mweusi, ametazama nje.

Tulikaa pale hatusemi kitu hadi jua lilipogusa migongo yao.

Wiki hii, mpendwa, sikuombi ubadilishe kanisa zima wala ukoo mzima. Chagua mtu mmoja. Baada ya ibada, nenda hadi chini ya ule mti na usimame hapo mpaka watoto wake waombe kwenda nyumbani, kisha wasindikize. Jumapili ijayo rudi tena. Na kama wewe ndiwe mgeni, kama bado unasinzia kwa miguu katika nyumba ulimo, usione haya. Bwana aliyesema kwamba mbweha wana mapango, naye hana pa kulaza kichwa chake, anaujua uchovu huo. Anakesha karibu nawe hata kabla mwingine hajaja.

Tuombe: Bwana, uliyetupokea tulipokuwa wageni, tupe subira ya kungoja moyo wa mwenzetu ufike. Tuponye hofu inayotufanya tuwafukuze wengine. Utufanye watu ambao karibu nao mtu aliyechoka aweza kulala. Amina.